Salamu Zilizofutwa

"Ataruka," kilisema Kitangulizi, mashine ya kubashiri mwendo wa mwili, lakini Holo Lukelesha alikuwa bado amesimama kimya katikati ya ukumbi, mikono imening'inia na macho yamefumbwa. Wageni sita wa Shirikisho la Michezo ya Vazi walitazamana, maana hawakuona dalili yoyote. Ndipo magoti ya binti yakakunjika, mikono ikarudi nyuma, na mwili mzima ukafyatuka kwenda juu, ukapita ufito uliotegwa mita mbili na sentimita kumi kutoka sakafuni. Alikuwa hajapiga hata hatua moja. Alitua kwenye godoro la hewa, akainuka, akaiweka sawa suruali yake kama mtu aliyetoka kitandani.

Wageni walipiga makofi. Mwenyekiti wao, Bi. Atupele Mwakalinga, hakupiga. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye tabia ya kuuliza kitu kile kile mpaka akielewe.

"Kimejuaje?" aliuliza. "Kinasoma akili?"

"Hakisomi akili, mama. Akili inachelewa," alijibu Mhandisi Nkwimba Balele, na hapo akanyooka zaidi, maana hiyo ndiyo sehemu aliyoipenda kuieleza. "Kinasoma mwili. Ukitaka kunyanyua mkono, mgongo unakaza kwanza, vinginevyo mkono wako mwenyewe utakuangusha. Ukitaka kuruka, msuli wa nyuma ya mguu unalegea, uzito unahamia visiginoni, kiuno kinashuka kwa unene wa kidole. Yote hayo hutokea sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya mruko wenyewe. Mwili unajipanga, na mwenye mwili hana habari."

"Na suruali?"

"Ina nyuzi-msuli elfu nne. Kitangulizi kikishajua kwamba mwili unajipanga, kinazikaza nyuzi hizo kwa wakati ule ule ambao misuli yake inakaza. Nguvu mbili zinakuwa moja. Zikichelewa kidogo tu, zinampinga badala ya kumsaidia. Ndiyo maana lazima tujue mapema."

"Kinakosea mara ngapi?"

"Mara nane katika elfu."

Aliitaja namba hiyo kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mwanawe aliyefaulu. Ilikuwa mwaka 2093, na Mwanza ilikuwa imekwisha kupanda juu ya mawe yake: nyumba zimeng'ang'ania majabali, magari ya kamba yanavuka kutoka kilima hadi kilima, roboti za kufagia zinapanda ngazi taratibu. Katika jiji lililojaa werevu namna ile, haikuwa rahisi mtu kujitwalia sifa. Nkwimba, mwanamke wa miaka arobaini na minne, alikuwa amejitwalia. Lakini namba ile ya nane katika elfu ilikuwa na historia yake, nayo haikuwa safi.

Mwaka mmoja nyuma Kitangulizi kilikuwa kinakosea mara tisini katika elfu. Warukaji walikuwa kumi na wanne, na tisa kati yao walikuwa mabinti wa Kisukuma waliolelewa kwa bibi zao huko Misungwi, Magu na Kwimba. Kila asubuhi mabinti hao walipoingia ukumbini walimkuta Kocha Saguda amesimama mlangoni na saa yake ya shingoni, na kila mmoja alikunja goti kumwamkia. "Mwangaluka, baba." Goti chini kidogo, macho chini kidogo. Sakafu ya ukumbi ilikuwa sakafu-hisi, inayopima uzito wa unyayo mara elfu kwa sekunde, nayo ilikuwa inaanzia pale pale mlangoni. Kitangulizi kikawa kinapiga kelele: "Ataruka! Ataruka! Ataruka!" Na hakuna aliyeruka. Mabinti walicheka mpaka wakashika mbavu. Kocha Saguda akasema mashine hiyo ina adabu kuliko madaktari wote wa Mwanza, maana angalau inaitikia salamu.

Nkwimba hakucheka. Alimwita Karani, akili mnemba iliyotunza kumbukumbu za karakana yake, akataka maelezo.

"Makosa ya mlangoni, elfu moja mia tatu na sita," Karani alisema kwa sauti yake isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. "Yote ni salamu. Katika sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde, mwili unaotaka kukunja goti na mwili unaotaka kuruka hujipanga kwa namna moja. Msuli unalegea, kiuno kinashuka. Tofauti huja baadaye. Nikisubiri hiyo tofauti, nitaitambua, lakini nyuzi zitachelewa na mruko utapungua kwa sentimita kumi na mbili. Nizifute salamu, au nizisome?"

Sentimita kumi na mbili katika michezo ya kuruka ni umri mzima wa mtu. Hiyo ndiyo sababu ambayo Nkwimba angeitaja mbele za watu. Kulikuwa na nyingine. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alihamishiwa shule ya bweni Dar es Salaam, na siku ya kwanza alimkunjia goti mwalimu wa hesabu mbele ya darasa lote, kama mama yake alivyomfundisha. Darasa lilianguka kwa kicheko. Kwa miaka minne aliitwa Nkwimba Goti. Tangu siku ile alisalimia akiwa wima, hata alipokwenda nyumbani, na mama yake alifariki bila kuuliza kwa nini. Kwa hiyo mabinti wale walipokuwa wanakunja magoti mlangoni kwake, mbele ya vioo na mitambo na wageni kutoka nje, Nkwimba aliona haya kwa niaba yao, na haya ikimkaa mtu muda mrefu hugeuka hasira.

"Futa," alisema. "Huo ni uchafu wa data. Na kuanzia kesho hakuna kupiga goti humu ndani. Hapa ni mahali pa sayansi."

Salamu elfu moja mia tatu na sita zikafutwa. Makosa yakashuka hadi nane katika elfu, na mabinti wakajifunza kusema "habari za asubuhi, kocha" wakiwa wima kama nguzo za umeme. Kocha Saguda aliitikia, lakini alikuwa anatazama pembeni.

Baada ya wageni kuondoka siku ile ya maonyesho, Nkwimba alimwita Holo, akamkabidhi suruali, yenye vihisi na Kitangulizi chake ndani, aondoke nayo. Kocha alikuwa amesimama hapo hapo akikunja godoro.

"Utaivaa siku saba mfululizo," Nkwimba alimwambia. "Nyumbani, sokoni, kanisani, popote. Mwili na vazi vizoeane. Usiizime hata mara moja. Ukiizima, tutaanza kuhesabu upya."

"Sawa, Mhandisi."

"Hata ukilala."

"Hata nikilala," alisema Holo, akacheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye pengo dogo kati ya meno ya mbele. "Bibi atafurahi kuniona nimevaa vya watu wa anga."

Bibi huyo ni Bibi Ngollo wa Misungwi, aliyemlea Holo tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hakuwa na mwingine wa kumwita mzazi.

Siku ya pili yake, Jumatatu, saa kumi na moja jioni, Nkwimba alikuwa karakanani anakunywa chai ya tangawizi Karani alipotoa taarifa.

"Vazi la Holo limerekodi mruko mmoja nje ya uwanja. Misungwi. Sentimita sitini na mbili."

"Anafanya mazoezi nyumbani?"

"Uzito wa kiuno unaonyesha kwamba kabla ya mruko mikono haikurudi nyuma. Mikono ilikuwa imekutana mbele ya kifua."

Mchoro wa mruko ulining'inia kwenye kioo-hewa juu ya meza, mstari mwekundu wenye bonde dogo mwanzoni. Nkwimba aliutazama, na kikombe kikasimama katikati ya njia. Hakuhitaji kuelezwa. Mikono iliyokutana mbele ya kifua ilikuwa inapiga makofi ya polepole, yale ya kumwamkia mkubwa. Holo hakuwa ameruka. Alikuwa ameingia kwa bibi yake na kukunja goti, na mashine iliyokatazwa kujua salamu ikamrusha.

Dakika ishirini baadaye Holo alipiga simu. Nyuma yake kulisikika watu wanapaza sauti na mwanamke analia.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba, Holo."

"Nimemuumiza bibi." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Alikuwa mlangoni. Nilitaka kumsalimia, sijui imekuwaje, nikamgonga kwa kichwa kifuani, akaangukia kizingiti. Wanasema nyonga imevunjika. Wanampeleka hospitali sasa hivi. Mhandisi, sijui imekuwaje."

Nkwimba alijua imekuwaje. Mstari mwekundu ulikuwa bado unaning'inia mbele ya uso wake. Alifungua mdomo kusema, na maneno yaliyotoka yalikuwa haya:

"Ulisahau kuizima?"

Kimya. Kilikuwa kimya kifupi, lakini Nkwimba alikuja kukikumbuka kwa urefu wake wote. Upande wa pili palikuwa na binti aliyefundishwa kwamba mkubwa habishiwi, na kwamba mkubwa akikukumbusha jambo ambalo halikuwapo, basi wewe ndiye uliyesahau.

"Labda nilisahau, Mhandisi," alisema Holo.

"Basi. Tulia. Tutaangalia."

Alikata simu, uso wote unamwaka moto. Alijisemea kwamba lilikuwa swali tu, na kuuliza si kushtaki. Jioni ile ile aliandika taarifa ya ajali kwa Shirikisho, kama kanuni ilivyotaka, na penye nafasi ya sababu aliandika maneno matatu: kosa la mtumiaji. Binadamu akishasema uongo mmoja kwa mdomo, kuuandika ni kazi ya dakika.

Siku ya tatu tangu ajali Kocha Saguda alikuja karakanani bila kupiga hodi. Alikuwa mzee wa miaka sitini na tano, mwenye magoti mabovu ya mrukaji wa zamani, na hakukaa alipokaribishwa.

"Mtoto amesimamishwa kuruka mpaka kikao cha Alhamisi ijayo," alisema.

"Nimesikia."

"Hilo si kitu. Baba yake mkubwa amemkataza kuingia wodini. Ukoo mzima wanasema aliruka mbele ya bibi yake kujionyesha, na mashine hakuizima kwa kiburi. Anakaa nje kwenye benchi kuanzia asubuhi. Bibi anauliza, 'Holo yuko wapi?' Wanamwambia yuko mazoezini."

Nkwimba alishika kalamu, akaiweka.

"Nilimuuliza," kocha aliendelea. "Ananiambia alisahau kuzima. Mayo, mama yangu, wewe ndiye uliyemwambia asizime. Nilikuwepo. Nilikuwa nakunja godoro."

"Bado tunachunguza, Kocha. Siwezi kusema jambo ambalo sijalithibitisha."

"Thibitisha basi. Lakini wenzetu walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akatoka. Nkwimba alibaki ameinamisha kichwa, na alichokionea haya zaidi ni kwamba kocha hakuwa amepandisha sauti hata kidogo.

Kesho yake, saa tano asubuhi, aliwaruhusu wote waende chai, akafunga mlango wa ukumbi, akavaa suruali ya akiba. Ilimbana. Alisimama kwenye sakafu-hisi, akakunja goti kwa makini kama anayesoma maelekezo: kwanza hili, halafu hili. Kitangulizi hakikusema neno. Akarudia. Kimya. Kwa sekunde moja alipata tumaini la aibu kwamba huenda mtoto alikuwa ameruka kweli, na kwamba yeye, Nkwimba, hana kosa.

Lakini alijua fundisho lake mwenyewe. Mwili haujipangi kwa kitu ambacho mtu anaigiza. Akafumba macho, akamfikiria mama yake mlangoni kule Kwimba, kanga imefungwa kiunoni, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, akimsubiri mwanawe anayerudi likizo. Miaka thelathini na miwili alikuwa hajamsalimia vizuri. Kabla hajaamua lolote, kabla hajajua kama ataamua, msuli wa nyuma ya mguu wake ulilegea na kiuno kikashuka. Mwili ulikuwa haujasahau.

"Ataruka," kilisema Kitangulizi.

Akarushwa. Aligonga uso kwenye nguzo ya ufito na kuanguka ubavu, na alipojigusa mdomo, mkono ukatoka na damu. Hakuumia sana. Alilala pale sakafuni akalia kwa sauti, na hakuwa analilia mdomo.

"Mruko mmoja," alisema Karani. "Sentimita arobaini na moja. Niuandike?"

"Uandike."

"Niuite nini?"

Nkwimba aliketi, akajifuta kwa kiganja. "Uite salamu."

"Niutume Shirikisho?"

Hapo ndipo mtu mwema angesema ndiyo. Nkwimba alikuwa amelia kweli, amejuta kweli, na bado alisema, "Usiutume. Nitasema mwenyewe Alhamisi ijayo, kikaoni. Jambo hili lina mahali pake." Kikao hicho hicho ndicho kingeamua adhabu ya Holo na kibali cha Kitangulizi kwa pamoja, na Nkwimba alijiambia kwamba atakwenda na ukweli wote umepangwa vizuri, wenye michoro, wenye suluhisho. Anayetaka kuchelewa hakosi kalenda. Jumamosi alikuwa bado anapanga. Jumatatu alikuwa bado anapanga. Aliwahi kupita mbele ya hospitali, akamwona Holo kwenye benchi la nje, viganja vimebanwa katikati ya magoti, na akaliambia gari lisisimame.

Alhamisi ilikuwa siku ya kumi na moja tangu ajali. Kikao kilikaa katika ofisi za Shirikisho, chumba chenye kuta za kioo juu kabisa ya jabali, ziwa lote liko chini yake kama bati jipya. Bi. Atupele alikaa katikati ya wajumbe wenzake watano. Holo aliingia na gauni jeusi la mikono mirefu na kitambaa kichwani, akakaa ncha ya kiti. Kocha Saguda alikaa nyuma yake.

"Binti," Bi. Atupele alianza, "tueleze wewe mwenyewe."

Holo alisimama. "Nilisahau kuzima vazi, mama. Nikamwangusha bibi yangu. Ni kosa langu."

"Uliambiwa uzime?"

"Ningepaswa kujua."

"Sikuuliza hivyo. Uliambiwa?"

Holo alitazama sakafu. Nkwimba alikuwa ametayarisha kurasa kumi na saba, amepanga aanze na historia ya vipimo, aende polepole, afikie kosa lake katika ukurasa wa kumi na tatu, likiwa limezungukwa na mambo mengine mengi. Alipoona binti yule anatafuta namna ya kujibu bila kudanganya na bila kumtaja, kurasa zote zikawa takataka.

"Hakuambiwa azime," alisema, akasimama. "Mimi nilimwambia asizime. Hakuruka, alikuwa anasalimia. Mashine yangu haijui tofauti ya salamu na mruko kwa sababu nilizifuta salamu zote. Elfu moja mia tatu na sita. Karani aliniuliza kama azifute au azisome, nikasema futa. Namba niliyowatajia, nane katika elfu, niliipata kwa njia hiyo."

Wajumbe waliacha kuandika.

"Ulijua hili tangu lini?" aliuliza Bi. Atupele.

"Tangu saa kumi na moja ya jioni ile. Kabla mtoto hajanipigia simu. Aliponipigia, nikamuuliza kama alisahau kuzima. Nilijua hakusahau. Nilimtwisha kosa langu kwa swali, naye akalibeba kwa sababu ana adabu. Mimi sina. Ninaona aibu, Mwenyekiti. Sina neno jingine la kisayansi."

Bi. Atupele hakumkemea. Alifunga jalada la kibali cha Kitangulizi, akaliweka upande wa kushoto. Akafungua jalada la Holo, akaandika mstari mmoja, akasema binti hana hatia na anaweza kurudi uwanjani hata kesho. Kocha Saguda alishusha pumzi. Nkwimba alimgeukia Holo, na ni lazima isemwe kwamba ndani ya aibu yake yote kulikuwa na kitu kidogo kinachosubiri shukrani.

Holo hakuonekana mwenye furaha. Alionekana kama mtu aliyeletewa maji baada ya nyumba kwisha kuungua.

"Twende hospitali," Nkwimba alimwambia walipofika kwenye veranda. "Sasa hivi. Nataka nimweleze bibi mwenyewe. Baba yako mkubwa pia."

"Bibi amefariki, Mhandisi. Leo alfajiri. Damu iliganda ikapanda kwenye mapafu."

Nkwimba alishika ukuta wa kioo. Kocha Saguda alivua kofia. Hata yeye hakuwa amejua.

"Mbona umekuja?" aliuliza Nkwimba. Lilikuwa swali la kijinga, lakini ndilo lililokuwapo.

"Niliitwa," alisema Holo. Akavuta kitambaa mbele kidogo. "Jana baba mkubwa alinihurumia, akaniruhusu niingie. Siku tisa nilikuwa nje, jana ndiyo nikaingia. Bibi aliweka mkono hapa." Akagusa shavu lake. "Akasema amenisamehe. Akasema utoto una mambo yake. Mimi nikamshukuru, nikasema wabeja, bibi. Nililia, nikamwomba radhi, nikamwambia sitarudia."

 Gari la kamba lilipita juu yao na kivuli chake kikavuka veranda.

"Nilikuwa naamini," alisema. "Ulipouliza vile, niliamini nimesahau. Nilimwomba radhi kwa moyo wote, Mhandisi. Amekufa amenisamehe kitu ambacho sikukifanya. Kama ungesema juzi, angekufa ananipenda tu."

Hakusema kwa hasira. Safari hii Nkwimba hakujaribu kuliita kosa lake jina jingine.

"Naomba nije msibani," alisema mwishowe.

Holo alifikiri. "Njoo kesho. Uwaambie wewe. Mimi nikisema, wataona najitetea, na leo si siku ya mimi kujitetea."

Msiba ulikuwa Misungwi, turubai limetandwa mbele ya nyumba. Wanaume walikaa kwenye viti upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande mwingine, na nyuma ya nyumba masufuria makubwa ya wali yalikuwa yanachemka. Nkwimba alikwenda bila michoro na bila Karani. Alimwomba baba mkubwa wa Holo ruhusa ya kusema. Alikuwa mzee mfupi, macho mekundu kwa kukesha, na alimruhusu akidhani ni salamu za rambirambi kutoka kazini.

Alisema yote, kwa maneno ya kawaida, akiwa amesimama kwenye jua pasipo na turubai. Alisema mtoto hakuruka. Alisema mtoto hakusahau chochote. Kila sentensi ilipokwisha alisikia mtu fulani kwenye mikeka akivuta pumzi. Alipomaliza, mzee alisogeza kiti chake mbele.

"Wewe ulijua lini?" aliuliza.

"Siku ile ile, baba."

"Na leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

Mzee alihesabu kwa vidole, polepole, kama anayetaka kuwa na hakika. Alipofika kidole cha kumi, siku aliyomruhusu mtoto kuingia wodini, aliacha. Alimtazama Holo aliyekuwa amekaa kati ya shangazi zake, akamtazama hasa, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yake yakatikisika. Nkwimba alisubiri. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kofi. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba vyovyote watakavyomtenda, watakuwa na haki.

Mzee alijifuta macho kwa pindo la koti.

"Mgeni amesimama juani," aliwaambia wanawake. "Mpeni mahali."

Wakasogea. Shangazi mmoja akapangusa mkeka kwa kiganja, mwingine akanyoosha mkono akampokea mkoba, na muda si mrefu mtu akamletea maji ya kunawa na sahani ya wali, kwa sababu ametoka mbali na huenda ana njaa. Nkwimba akaketi pale walipomwonyesha, bega kwa bega na watu wa Bibi Ngollo, sahani magotini, akitamani kwa roho yake yote kwamba wangemfukuza.